Kisu cha kilinge: shajara ya kukifufua na kukitunza, Tanga

Kisu kinachoshughulikiwa hapa ni cha mkoba wa mganga mmoja wa nje kidogo ya jiji la Tanga, upande wa Amboni. Bapa lina urefu wa sentimita 19 na upana wa sentimita 3.4 shinani, makali kuwili. Msuka, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, una sentimita 9. Kililetwa kikiwa kimegandia ndani ya ala, mpini umepasuka, na noleo, yaani pete inayobana mpini pale unapokutana na bapa, halipo. Kazi ni kukirudisha kilingeni, yaani mahali mganga anapofanyia uganga wake, kwa vitu vinavyopatikana Tanga. Kila hatua imeandikwa ilipomalizika, pamoja na gharama.

Kisu cha kilinge hakifi kwa kukata. Kinakufa kwa vitu vile vile kinavyopewa kwa heshima: marashi, damu, maji ya bahari, moshi wa ubani, na nguo kinayofungiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii inahusu vitu hivyo, na kunoa kumepewa mistari michache tu.

3 Juni. Kufungua ala

Masharti ya mwenye kisu ni matatu: kisiwekwe chini, kisirukwe na mtu, na vumbi la kutu lisitupwe jalalani, likusanywe kwenye kipande cha kaniki arudishiwe. Pia hakutaka mashine ya kusaga chuma. Kwa hilo, sharti na ufundi vinakubaliana kabisa. Bapa jembamba likiguswa na jiwe la mashine hupata moto haraka. Likifika rangi ya manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220 za sentigredi, ugumu umeanza kuondoka. Likifika buluu, karibu nyuzi 300, makali yaliyokuwepo hayarudi mpaka kisu kipikwe upya kwa mhunzi.

Kosa la kwanza lilitokea hapo hapo. Kisu kilivutwa kwa mpini, mpini ukatoka, bapa likabaki ndani. Kilichofanya kazi ni mafuta ya taa: yalimiminwa kwenye mdomo wa ala, ala ikasimamishwa ndani ya kopo kwa siku mbili, kisha mshono ukakatwa kwa wembe kutoka ncha kwenda juu. Ukiona kisu kimegandia, anza na mshono. Ngozi inashoneka tena, lakini msuka ukivunjika kazi inakuwa nyingine.

Kabla ya kuendelea tulipima chuma kwa tupa kuukuu. Tupa iliteleza kwenye makali na ikauma kwenye msuka. Hii ni dalili nzuri: makali magumu, msuka laini. Chuma kinafanana na springi ya gari, ambayo wahunzi wengi huipenda kwa sababu inashika makali na haivunjiki ovyo.

Neno moja kwa watakaoiga. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, bado ipo, na kuwa na kifaa kinachodaiwa kuwa cha uchawi kunaweza kukuletea matatizo. Uganga una njia yake: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na usajili chini ya baraza lake. Fundi apokee kisu kutoka kwa mganga mwenyewe, asikipokee kwa mtu wa kati.

5 Juni. Ndimu na chumvi: usifanye hivi

Kutu ilikuwa ya aina mbili: ya juu, nyekundu na ya unga, na ya ndani, nyeusi, iliyochimba vishimo. Tulianza na njia inayojulikana kila jikoni, ndimu sita na vijiko viwili vya chumvi, tukasugua kwa makumbi ya nazi. Ndani ya nusu saa bapa lilikuwa linang'aa. Likaoshwa, likafutwa, likapakwa mafuta.

Asubuhi yake lilikuwa la rangi ya chungwa kote, na kila kishimo kimetoa tone dogo la maji ya kahawia, kama jasho. Sababu ni chumvi. Asidi ya ndimu inaondoa kutu, lakini chumvi inaingia kwenye vishimo na kubaki. Hapo inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga haina uhaba wa unyevu, hivyo kutu inaendelea kujizalisha chini ya mafuta. Mafuta hayaizuii, yanaifunika tu. Gharama: shilingi 1,500 na siku mbili za kurudi nyuma.

8 Juni. Ukwaju, kisha kuchemsha mara tatu

Njia iliyofaulu: nusu kilo ya ukwaju (shilingi 2,500) ikalowekwa kwenye lita mbili za maji ya uvuguvugu, ikafikichwa, ikachujwa kokwa na nyuzi. Bapa na msuka vikazamishwa kwenye beseni la plastiki. Kila baada ya saa mbili kisu kilitolewa, kikasuguliwa kwa makumbi makavu, kikarudishwa. Jumla saa kumi. Maji haya ya ukwaju yanafanya kazi polepole, na upole huo ndio unaotakiwa, kwa sababu ukichelewa saa moja bapa haliliki sana. Usilale nacho ndani.

Kisha maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa, dakika kumi, kuua asidi iliyobaki.

Chumvi ya tarehe 5 ilikuwa bado ndani ya vishimo, na hiyo haitoki kwa kusugua. Inatoka kwa kuchemsha. Tulitumia maji ya mvua yaliyokingwa, maana visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi na ungekuwa unairudisha kwa mlango wa nyuma. Kisu kilichemshwa dakika ishirini, maji yakamwagwa, mengine mapya, dakika ishirini tena, mpaka mara tatu. Kila kikitoka kilifutwa kwa kitambaa kikavu kikiwa bado cha moto.

Kuchemsha kulileta faida ya pili, na hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za kazi hii. Ile kutu ya chungwa iliyobaki iligeuka nyeusi mbele ya macho, nyeusi ya mahameli, imeshika kwenye chuma. Kutu nyeusi ni oksidi tofauti na ile nyekundu: haimeng'enyuki, haipanuki, na inashika mafuta vizuri. Ukiipata, iache. Tulisugua kidogo tu kwa stiliwaya laini kuondoa unga wa juu, bapa likabaki na rangi ya kijivu iliyokoza. Mwenye kisu alipokiona alisema ndivyo kilivyokuwa mikononi mwa babu yake.

Msasa ulitumika kwenye msuka peke yake, karatasi tatu, shilingi 3,000. Bapa la zamani halipigwi msasa mpaka kung'aa. Unalipunguza chuma ambacho hakuna wa kukirudisha.

14 Juni. Mpini na sandarusi

Mpini wa awali ulikuwa wa mpingo, na mpya umekuwa wa mpingo vilevile. Masalia ya wachongaji yanatosha, kipande cha sentimita 12 kwa 3.5, shilingi 4,000. Mpingo mzima usinunue kwa mtu asiye na kibali. Namna ya kuujua wa kweli ni kuutia majini: unazama.

Mpini wa kwanza ulipasuka. Tulifuata njia ya zamani ya kuuchoma msuka na kuugongomea ndani ya tundu dogo ili ujitengenezee nafasi. Kwa mti laini njia hiyo inafaa. Mpingo ni mgumu na una mafuta, ukipata moto wa ghafla ndani huku nje ni baridi unafunguka kwa urefu wote. Shilingi 4,000 zikaenda.

Mpini wa pili ulitobolewa kwa drili polepole, milimita 6 kwanza, halafu ukapanuliwa kwa tupa nyembamba mpaka msuka ukaingia bila kulazimishwa, ukicheza milimita moja kila upande. Nafasi hiyo ndiyo ya gundi.

Gundi ni sandarusi, utomvu mkavu wa mti, ile ile iliyouzwa nje kwa wingi kutoka mwambao huu wakati wa misafara, na ambayo watu bado wanaichoma kwa harufu. Jaribio la kwanza: sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Saa nzima ikapita, bado mabonge. Maji yanachemka nyuzi 100, na sandarusi inataka moto mkubwa zaidi ya huo. Jaribio la pili: moja kwa moja kwenye kopo la maziwa juu ya mkaa wa wastani. Iliyeyuka, ikashika msuka, lakini ilipopoa na kugongwa mara moja ilivunjika kama kioo.

Mchanganyiko uliokubali ni gramu 80 za sandarusi, gramu 20 za nta, na gramu 20 za unga wa mkaa uliopepetwa kwenye kitambaa. Nta inaondoa wepesi wa kuvunjika, mkaa unaipa mwili. Yeyusha sandarusi kwanza, ongeza nta kopo likiwa limeondolewa motoni, mkaa mwisho. Fanya nje ya nyumba na uwe na kifuniko cha bati mkononi. Kopo likishika moto, lifunike. Ukimwaga maji litakurukia. Sandarusi yote, pamoja na iliyoharibika, ilikuwa shilingi 6,000. Nta robo kilo shilingi 5,000, na nyingi imebaki kwa kazi za mbele.

Wakati wa kuingiza, bapa lilifungwa kitambaa chenye maji ili moto usipande kwenye makali. Msuka ulipashwa mpaka tone la maji likawa linaruka juu yake, bila kufika wekundu. Noleo ni pete ya milimita 15 iliyokatwa kwenye bomba la shaba (shilingi 2,000). Hapa pana mtego: shaba ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo mchanganyiko ule ule ulijazwa ndani ya noleo mpaka ukafurika, kisha ukakwanguliwa. Hapaonekani nafasi ya hata unywele.

22 Juni. Kunoa

Kinoo cha maji, upande mbaya kisha laini, pembe ya kama nyuzi 20, kila upande wa kila makali idadi sawa ya mikono. Kumalizia, mgongo wa mkanda wa ngozi. Kisu cha kuchinjia kinatakiwa kipite kwenye jani la mgomba lililoning'inizwa bila kulivuta. Kimepita.

29 Juni. Ala

Ala ya zamani ilikuwa ya ngozi ya mbuzi iliyotiwa dawa ya magome ya mkoko. Magome ya mkoko yana tanini nyingi na ndiyo yanayofanya ngozi isioze. Tanini hiyo hiyo ikikutana na chuma chenye unyevu inatoa weusi wa wino na kula bapa taratibu. Ile kutu ya ndani yenye vishimo ilifuata mshono wa ala kabisa, mstari kwa mstari.

Ala mpya ni ya ngozi ya mbuzi pia, maana mwenye kisu hakutaka plastiki wala bati, na kushonwa kwake pamoja na ngozi ni shilingi 12,000. Tofauti iko ndani. Nta iliyoyeyushwa ilimiminwa ndani ya ala iliyoanikwa juani, ikazungushwa, ikamwagwa. Ngozi ikanywa nta na kuacha utando. Tundu dogo liliachwa kwenye ncha ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Mishono ni ya uzi wa katani uliopitishwa kwenye nta, na katani ndiyo mali ya Tanga, kwa hiyo hapo hatukulipa kitu.

Hata hivyo, ala ni ya safari tu. Kisu kisilale ndani yake.

6 Julai. Madoa ya mafuta ya nazi

Mafuta ya nazi yanafaa kwa kisu hiki. Hayakauki na kuwa gundi kama ya ufuta, hayachachi upesi, na kilingeni hakuna anayeyakataa. Nazi sita, kila moja shilingi 700, zilikunwa, tui likapikwa nyumbani. Kisu kikapakwa tarehe 30 Juni. Siku ya sita bapa lilikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama mbegu za ufuta, vimetawanyika pasipo mpango.

Kosa lilikuwa jikoni. Mafuta yalitolewa motoni mapema ili yabaki meupe na yenye harufu nzuri. Mafuta ya namna hiyo ni mazuri kwa nywele, lakini ndani yake bado mna matone ya maji yasiyoonekana, na kila tone lilikaa juu ya chuma na kuchimba mahali pake. Yalirudishwa kwenye moto mdogo. Sikio ndilo linaloongoza: mafuta yenye maji yanapiga kelele, yanatatarika. Yakinyamaza kabisa na povu likaisha, maji yamekwisha. Yaache yapoe, yachuje kwa bafta kavu (kitambaa chembamba cha pamba), yatie kwenye chupa kavu. Vidoa viliondolewa kwa makumbi na majivu laini, na mafuta mapya hayajaleta kingine.

Kwa miezi ya mvua, sehemu tatu za mafuta hayo na sehemu moja ya nta, vikayeyushwa pamoja. Yanakuwa kama losheni nzito. Paka kwa kidole, kisha futa mpaka uone kama hakuna kitu. Kinachobaki kinatosha.

20 Julai. Baada ya kazi ya kwanza

Kisu kilitumika kwenye ngoma ya usiku mmoja. Kilichinja kuku na mbuzi mmoja, kikafukizwa ubani na udi, kikanyunyiziwa marashi, kikafungwa bafta nyeupe mpaka siku ya tatu. Kilivyorudi, upande mmoja wa bapa ulikuwa umechapwa: vistari vya kutu vinavyokatizana, safu kwa safu, nyuzi za bafta zote zinahesabika. Nguo ililowa marashi, ikakaa imeshikamana na chuma, na kila penye uzi pakapata kutu. Marashi ya waridi ni maji kwa sehemu kubwa, harufu yake isikudanganye.

Tulikaa na mwenye kisu, tukakubaliana naye mpangilio huu, bila kuondoa tendo lolote katika matendo yake:

Marashi yanatiwa mpinini na kwenye nguo ya nje. Bapa linapakwa kwa kidole kilicholoweshwa, kisha linafutwa kabla ya kufungwa. Nguo ya ndani ni kipande cha bafta kilichopitishwa kwenye nta na kukaushwa, nguo ya rangi inakuja juu yake.

Damu inaoshwa ndani ya dakika chache kwa maji baridi. Maji ya moto yanaigandisha damu kwenye vishimo na chini ya noleo. Damu ina chumvi, na iliyokauka usiku mmoja inaacha alama ya kudumu. Baada ya maji, kitambaa kikavu, joto la chetezo kwa mbali, mafuta.

Ubani: kisu kinapitishwa juu ya moshi, shubiri nzima kutoka kwenye makaa. Kukilaza juu ya chetezo ni kukiua, kwa sababu ya ule moto uliotajwa tarehe 3 Juni. Utando wa kunata unaoachwa na moshi unakusanya vumbi na unyevu, unatoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kisu hiki hakichanji chale. Kila mtu wembe wake mpya, ufunguliwe mbele yake, utupwe. Damu ya mtu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na vishimo vya bapa la zamani havisafishiki kwa moshi wala kwa ndimu. Katika hili hatukubali mjadala.

Na hakikati mizizi. Mganga huyu alikuwa anakitumia kwa yote, na utomvu wa magome ndio uliotia doa jeusi karibu na ncha. Sasa ana kisu cha pili cha kawaida kwa ajili ya dawa. Wafuasi wa Wicca, dini ya uchawi iliyoenezwa kutoka Uingereza na Gerald Gardner katika miaka ya 1950, nao wanatenganisha: kisu cha mpini mweusi, wanachokiita athame, hakikati kitu cha kushikika, na cha mpini mweupe ndicho cha mitishamba. Mapokeo yao na ya pwani hayana undugu, lakini utengano huo unaokoa chuma popote pale.

10 Agosti. Sanduku

Sanduku la mbao alikuwa nalo. Shida ilikuwa unyevu ndani yake. Kikombe cha mchele uliokaangwa kilidumu wiki moja, kikaingia wadudu. Mkaa mkavu ulisaidia kidogo. Kilichoshinda ni chokaa hai, ambayo haijazimwa kwa maji, na Tanga ni mji wa chokaa: shilingi 1,500 kwa kipande cha kutosha kopo la chai. Inavuta maji ya hewani na kuyashika. Kopo lijae nusu tu kwa sababu chokaa inavimba, kifuniko kitobolewe matundu ya msumari, na kisu kisiguse. Ikishageuka unga mwororo mtupu, imekwisha kazi, weka nyingine. Usiishike kwa mikono yenye maji na usiipulize, jicho likipatwa ni hatari.

Jumla mpaka leo, pamoja na mkaa wa shilingi 3,000, ni shilingi 48,700. Ndani yake shilingi 8,500 ni za makosa: ndimu na chumvi, mpini wa kwanza, na nusu ya sandarusi.

2 Novemba. Baada ya mvua za kwanza za vuli

Kisu kimetumika mara nne tangu Julai, mara moja kwenye sadaka ya mapango ya Amboni, ambako hewa ya ndani ni ya kulowa. Bapa ni safi pande zote mbili. Chapa ya bafta bado inaonekana ukiligeuza kwenye mwanga, lakini ni kijivu, haijafufuka. Mpini haujacheza.

Doa moja jipya, upana wa punje ya mtama, limetokea pale noleo linapokutana na bapa, upande wa kushoto. Sandarusi imenyanyuka hapo kidogo. Limekwanguliwa kwa kijiti cha mwanzi, likapashwa joto kwa kisu cha meza kilichotiwa motoni, nta ikajazwa. Chokaa imebadilishwa. Kitaangaliwa tena mwisho wa mwezi, na kama doa limerudi, noleo litatolewa na kujazwa upya lote.